Safari ya Kisiwa Jirani: Kokwa na Wavukaji Wake

Watu wa Nakuru waendao Mombasa au Kampala aghalabu huketi wakapiga hesabu ya nauli, malazi na siku, kwa kuwa umbali wenyewe huwatia hadhari. Lakini watu hao hao, wakiazimia kwenda kukiona kisiwa cha Kokwa kilichomo katika Ziwa Baringo, huondoka asubuhi yoyote waipendayo, pasipo shauri wala matayarisho, kwa dhana kwamba kitu kionekanacho kwa macho kutoka ukingoni hakihitaji mpango. Dhana hiyo ina ghururi kubwa. Rai nitakayoieleza hapa ni kwamba kadiri kisiwa kidogo kinavyokuwa karibu na jirani yake, ndivyo safari ya kukifikia inavyozidi kutawaliwa na mambo yaliyoko kwa jirani: njia ya kumwendea jirani huyo, saa ya kuwasili kwake, hali ya ukingo wake, watu wake wenye vyombo, na umati wa wasafiri wengine waliokusudia kuvuka siku ile ile. Kisiwa chenyewe, kwa mpangaji, huwa ni jambo la mwisho na jepesi kuliko yote.

Ziwa Baringo liko kaskazini mwa Nakuru, mwendo upatao kilomita 120 kwa barabara, katika sakafu ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 970 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa la maji matamu, kama Naivasha, ilhali Bogoria, Nakuru na Elmenteita, yaliyo kati ya mawili hayo, yote ni maziwa ya magadi. Na la ajabu ni kwamba hubaki tamu ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka humo, kwa kuwa maji yake, wasemavyo wataalamu, hupenya chini ya miamba yakaelekea kaskazini. Mito Molo na Perkerra huliletea maji kutoka nyanda za juu, pamoja na tope jingi lililolitia rangi ya udongo kwa miaka mingi. Mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa mataifa yote. Katikati yake pamesimama visiwa kadha wa kadha, na kilicho kikubwa kuliko vyote ndicho hicho Kokwa, ambacho ramani hukiandika Ol Kokwe: mabaki ya volkano, chenye mawe meusi, miiba, na chemchemi zitoazo maji ya moto na mvuke hata leo. Wenyeji wake ni Wailchamus, wafugaji na wavuvi wenye lugha iliyo ndugu ya Kimaasai, ambao wasafiri wa zamani waliwaita Wanjemps. Jirani wa kisiwa, yaani mji wa kuondokea, ni Kampi ya Samaki, katika ukingo wa magharibi.

Si jambo geni kwa nchi ya Baringo kuwa mahali pa kupangia safari za watu wengine. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu ilikuwa ikifika Njemps, kusini mwa ziwa, ikatua hapo kwa sababu moja isiyo na fahari lakini yenye nguvu: palikuwa na nafaka ya kununua. Wailchamus wa zama hizo walikuwa wakilima kwa mifereji waliyoichimba kwa mikono yao, na katika nchi kavu ya wafugaji, mahali penye ghala palikuwa na thamani kuliko mahali penye mandhari. Mpelelezi wa Kizungu Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883 akiwa pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Na Kimemeta huyo huyo ndiye aliyewaongoza wapelelezi wengine, Teleki na von Höhnel, walipotua hapo miaka ya 1887 na 1888, kabla ya kushika njia ya kaskazini iliyowafikisha kwenye ziwa tuliitalo leo Turkana. Safari za Wazungu hao ziliandikwa vitabuni na majina yao yakabaki katika ramani. Kimemeta hakuandika, lakini ndiye aliyejua kwamba safari ya jangwani huamuliwa na siku za kununua chakula, kuwauguza wagonjwa na kuuliza habari za njia katika kijiji cha mwisho chenye watu. Msafiri wa leo mwenye simu mfukoni na pesa katika M-Pesa anaweza kucheka ujuzi wa namna hiyo, ila atakapofika ukingoni atauhitaji vile vile.

Na tuanze na njia. Kutoka Nakuru, ulio katika kimo cha mita 1,850 hivi, barabara hupita Kabarak na Mogotio, hukata mstari wa ikweta, kisha huteremka hatua kwa hatua mpaka Marigat, hata msafiri aliyeondoka na sweta asubuhi hulivua njiani, na kufikia Marigat huitamani hata kofia. Mteremko huo una hesabu yake: yule aliyezoea baridi ya Nakuru hupungukiwa na maji mwilini kabla hajahisi kiu, na jua la juu ya ziwa, ambalo humpiga mtu kutoka mbinguni na likampiga tena kutoka majini, humkuta amekwisha kuchoka. Kandokando ya barabara huuzwa asali, ambayo ni sifa ya Baringo isiyohitaji mpigambiu, na karibu na Marigat, penye mashamba ya umwagiliaji ya Perkerra yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya mahabusu wa wakati wa hali ya hatari, huuzwa matikiti maji. Anunuaye asali na anunue wakati wa kurudi, kwani chupa ya asali ndani ya mashua yenye joto ni mzigo usio na faida.

Jambo la pili la njiani ni mathenge, mti wa miiba ulioletwa huku katika miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni, ukaenea ukawa msitu usioingilika, ukafunga malisho na njia, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wailchamus waliishtaki serikali kwa ajili yake, wakampeleka mbuzi asiye na meno Nairobi awe ushahidi mahakamani, na sijui kesi nyingine iliyopata shahidi mnyofu kiasi hicho. Kwa mpangaji wa safari mathenge ni miiba yenye kutoboa gurudumu la pikipiki kama sindano itoboavyo kitambaa. Basi achukuaye bodaboda kutoka Marigat na aongeze muda wa kuziba pancha.

Hayo yote yangekuwa madogo lau yasingeshika saa. Matatu ya Marigat, kama matatu nyingine za steji ya Nakuru, huondoka inapojaa. Na kwa kuwa hapana ajuaye itajaa lini, saa ya kufika Kampi ya Samaki haimo mikononi mwa abiria bali imo mikononi mwa abiria wenzake wasiomjua. Mtu aliyefika steji saa mbili asubuhi akitumaini kuwa kisiwani saa tano, aweza kujikuta saa nane mchana yungali anapatana bei na mwenye mashua. Na saa nane mchana ndiyo saa mbaya.

Ni mbaya kwa sababu ya upepo. Asubuhi Ziwa Baringo hulala shwari, na mashua hukata maji yake bila ya kutikisika. Lakini jua likipanda, na mawe ya bonde yakashika moto, hewa huanza kusafiri kati ya uwanda na milima ya pande mbili, na alasiri upepo huamka kwa ghafula usiyoitarajia katika maji madogo namna hii. Ziwa lenyewe halina kina kikubwa, na maji yasiyo na kina hayatoi mawimbi marefu ya taratibu kama ya bahari kuu, bali hutoa mawimbi mafupi, ya wima, yenye kufuatana upesi, ambayo hukiingia chombo kifupi kabla hakijapata kuinuka kutoka wimbi la kwanza. Mtu wa pwani anayejua kaskazi na kusi, pepo zenye majira ya miezi, huona ajabu kuambiwa kwamba hapa majira hubadilika ndani ya siku moja. Lakini ndivyo ilivyo, na mpango wowote usioyatii hayo haufai kitu, hata uwe na fedha nyingi kiasi gani.

Katika jambo hili hakuna msafiri wa Bonde la Ufa aliye hodari kama mwari. Ndege hao wakubwa weupe huzaa juu ya visiwa vya mawe katika Ziwa Elmenteita, ambamo chakula chao ni haba, na huruka kwenda kuvua samaki katika Ziwa Nakuru, kisha hurudi na shehena kooni kuwalisha makinda. Kwa kuwa ni wazito, hawakurupuki alfajiri: hungoja mpaka ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda, wakapanda nayo kwa kuzunguka pasipo kupiga mbawa, ndipo wakaelea kuelekea kwa jirani. Mwari hungoja joto na mvukaji wa Baringo yampasa alikimbie, ila wote wawili ni watumwa wa saa ile ile. Ningependa wasafiri wetu, ambao hutazama mwari kwa darubini na kuwasifu kwa uzuri, wawasifu pia kwa subira hiyo.

Kwa hiyo mpango ulio bora kwa atokaye Nakuru, na hapa nasema kwa yakini, ni kulala Kampi ya Samaki usiku wa kuamkia siku ya kuvuka. Wako watakaosema ni gharama isiyo ya lazima. Lakini gharama ya kitanda kimoja ni ndogo ikilinganishwa na ijara ya mashua iliyokodiwa ikashindwa kuondoka, na faida yake haikomei kwenye saa ya alfajiri. Anayelala hapo husikia jioni habari ambazo haziandikwi popote: nahodha gani ni mlevi, injini ya nani ilizimika juzi katikati ya maji, nani amefiwa kisiwani hata haifai kwenda huko na kelele za matembezi. Asitembee ukingoni gizani, maana viboko hutoka majini usiku kuja kula majani, na kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini hana msamaha.

Na ukingo wenyewe ni upi? Hili ni swali ambalo miaka 20 iliyopita lingeonekana la kipuuzi. Tangu mwaka 2010 na 2011 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, na Baringo likapanda kwa kiasi cha kuyameza mashamba, nyumba, mahoteli ya ukingoni ambayo wageni wa zamani waliyajua, na hata majengo ya huduma za umma. Ripoti iliyotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2021 ilitaja mvua zilizozidi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, pamoja na uharibifu wa ardhi katika nyanda za juu ambao huteremsha maji na tope kwa kasi, na haikuacha kutaja uwezekano wa mtikisiko wa ardhi yenyewe. Si mara ya kwanza: baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 maziwa ya Afrika Mashariki yalipanda pia, kisha yakashuka. Lakini kizazi kilichojenga Kampi ya Samaki ya sasa kilijenga kwa kufuata ukingo wa wakati maji yalipokuwa machache, na maji yakaja kudai mahali pao.

Matokeo yake kwa mvukaji ni kwamba diko halina mahali maalumu. Ramani ya zamani humwelekeza kwenye gati ambalo limo chini ya maji; maelezo ya rafiki aliyekwenda zamani humfikisha penye mti ambao sasa ni kigogo kikavu kilichosimama ziwani. Vigogo hivyo, migunga na mathenge iliyokufa ikisimama, ndivyo hatari ya kwanza ya safari, si mamba kama wageni wanavyodhani. Kwani vingine vimekatika vikabaki chini kidogo tu ya uso wa maji, visionekane, navyo hunasa pangaboi au hutoboa ubavu wa mashua. Nahodha aliyeizoea njia ya kupita kati yake ana elimu isiyonunulika kwa injini kubwa, na ndiye wa kukodiwa hata kama mashua yake imechakaa rangi.

Maji hayo hayo yaliyopanda yalitoa mfano wa safari iliyopangwa vizuri kuliko zote zilizopata kufanywa katika ziwa hili, ingawa abiria wake hawakuwa binadamu. Katika hifadhi ya jamii ya Ruko, ambayo Wailchamus na Wapokot waliianzisha pamoja upande wa mashariki wa ziwa, twiga wa aina ya Rothschild waliletwa mwaka 2011 na kuwekwa Longicharo, rasi iliyoingia majini. Na maji yalipopanda, rasi ikakatika ikawa kisiwa, kisiwa kikazidi kupungua, na twiga wakabaki humo pamoja na malisho yasiyowatosha. Hapakuwa na daraja wala meli ya kuwachukua. Likaundwa jahazi la chuma la mraba, lenye kuta ndefu, likaelea juu ya mapipa matupu, na likavutwa na mashua. Na wale wenye kazi hiyo, badala ya kuharakisha kwa kuwa ng'ambo ilionekana, walitumia muda kuwazoesha baadhi ya twiga kuingia na kutoka ndani yake kwa kuwawekea chakula, hata chombo kikawa kwao sehemu ya makazi. Wa kwanza, jike aitwaye Asiwa, alivushwa tarehe 2 Desemba 2020, peke yake. Wa mwisho alivushwa Aprili 2021. Jumla yao walikuwa 9, pamoja na mtoto aliyezaliwa kisiwani katikati ya kazi hiyo. Miezi kadhaa kwa masafa ambayo mashua ya kawaida huyamaliza upesi! Nimewasikia watu wakiitaja habari hiyo kwa kicheko, wakisema twiga wameheshimiwa kuliko raia. Nami huona kicheko hicho kinaelekezwa pasipostahili, maana twiga walipewa tu kile ambacho kila avukaye anastahili, yaani chombo kinachowafaa, siku inayowafaa, na idadi isiyozidi uwezo wa chombo.

Idadi hiyo ndiyo kiini cha hatari ya visiwa jirani popote duniani. Katika bahari ya Karibi kuna visiwa viwili, Saint Kitts na Nevis, vilivyokaribiana hata mlango wa bahari ulio kati yao ni kilomita chache tu. Na tarehe 1 Agosti 1970, siku ya Jumamosi ya mapumziko, meli Christena iliyokuwa ikivuka kwenda Nevis ilipakia watu zaidi ya 300, takriban mara mbili ya kiwango chake, ikazama na watu 233 wakafa. Miaka 48 baadaye, katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101 kiliondoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe siku ya gulio, kimejaa watu na mizigo yao kupita kiasi, kikapinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na waliokufa walizidi 220. Wahanga wa pande zote mbili walikuwa wenyeji, watu waliojua njia hiyo tangu utotoni, waliokuwa wakirudi nyumbani. Aliyekagua ramani za safari hizo asingepata kosa. Kosa lilikuwa katika kalenda. Watu wote wana sababu ile ile ya kuvuka siku ile ile, chombo ni kimoja, na mwenye kubaki nyuma hana pa kulala, basi kila mmoja hujipenyeza akiamini kwamba mtu mmoja hawezi kuzamisha meli.

Mashua za Baringo ni ndogo, na msiba wake, Mungu apishe mbali, hauwezi kufikia hesabu hizo; lakini kanuni ni ile ile. Siku za soko, siku za mazishi, sikukuu za Desemba ambapo wenye asili ya huko hurudi kutoka mijini, na mwisho wa muhula shule zinapofungwa, hizo ndizo siku ambazo mgeni mwenye hiari hapaswi kushindania nafasi na mtu asiye na hiari. Mgeni hutembea, mwenyeji huvuka kwa sababu mtoto ana homa, au unga umekwisha, au hati fulani lazima ipigwe muhuri bara. Sheria ipo: Mamlaka ya Bahari ya Kenya ina madaraka juu ya vyombo vya maziwani kama ilivyo juu ya vya baharini, na jaketi la kuokolea ni wajibu wa kila abiria. Kilichobaki ni mgeni kulivaa badala ya kulikalia, jambo ambalo huwashinda wengi, hasa wanaume, na hasa wanapopigwa picha.

Kuhusu ijara nitasema kwa ufupi, maana bei hubadilika pamoja na bei ya petroli. Mashua ya kutembeza wageni hukodiwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mtu mmoja hulipa gharama ya watu wengi na kundi hulipa kidogo. Mapatano sharti yataje muda wa kungojewa kisiwani na saa ya kurudi, si kwenda peke yake. Na sehemu ya malipo ibaki mkononi mpaka miguu itakapokanyaga tena Kampi ya Samaki. Nahodha aghalabu ataongeza onyesho la tai mla samaki, kwa kupiga mluzi na kutupa samaki mdogo aliyetiwa kijiti chepesi tumboni ili aelee, naye tai hushuka kutoka mgungani akamnyakua mbele ya kamera. Sioni dhambi kubwa katika hilo, ijapokuwa tai anayejua filimbi ya kila mashua ameacha nusu ya utai wake.

Ukiwa majini huenda ukapishana na chombo cha namna nyingine: kijahazi kidogo kilichofungwa kwa vijiti vya mti mwepesi mithili ya kizibo uotao kwenye vinamasi, ambacho mvuvi wa Kiilchamus hukikalia, nusu ya mwili wake ikiwa karibu na maji, akikipiga makasia madogo kwa mikono miwili huku mamba wanaota jua upande wa pili. Chombo hicho hakizami hata kikijaa maji, na ni cha kazi ya mtu mmoja. Mgeni asiombe kukipanda kwa mzaha.

Sasa tuitazame fedha inakwenda wapi, kwa maana uchambuzi wa safari usioifuata fedha ni nusu ya uchambuzi. Mgeni wa Kokwa hulala Kampi ya Samaki, hula hapo, hukodi mashua hapo, na hununua petroli ya mashua hiyo hapo. Kisiwani hufika na chupa yake ya maji, hutazama mvuke, hupiga picha za watoto na mbuzi, na huondoka. Ndiyo maana hata wenyeji wakarimu huwa baridi kidogo kwa kundi lisilotangulizwa na mtu. Mpango wa haki ungekuwa kutafuta, kabla ya kuvuka, kijana wa kisiwani awe kiongozi kwa ujira uliokubaliwa, kuamkia wazee kabla ya kuelekea chemchemi, kuomba idhini ya picha, na kununua kitu kinachotengenezwa huko. Kwa muda mrefu palikuwa na kambi ya watalii ncha ya kusini ya Kokwa, na watu walioajiriwa humo walipata mshahara bila ya kuvuka. Kwa safari za siku moja faida hiyo haipatikani, na mimi sioni kwamba idadi kubwa zaidi ya mashua za matembezi itairudisha.

Kuna na jambo la amani, ambalo msafiri wa Nakuru hulichukulia kwa namna mbili zote potofu: ama huogopa kaunti nzima kwa sababu ya habari za wizi wa mifugo, ama hudharau kila onyo. Sehemu za Baringo zimepata mateso ya kweli. Mwaka 2017 watu wa Mukutani, mashariki ya ziwa, walihamishwa na mashambulizi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo ikiwamo. Lakini kijiji kimoja si kaunti, na mwezi mmoja si mwaka. Ulizia Marigat hali ya siku hiyo, kwa madereva na wenye maduka, ambao riziki yao huwafanya wasitie chumvi upande wowote, safiri mchana, na kama wakikwambia urudi, rudi, hata kama ziwa limekwisha kuonekana.

Wanaotaka kisiwa kwa wepesi zaidi wanacho Crescent cha Naivasha, ukingo wa shimo la volkano lililozama, ambacho maji yakipungua huungana na nchi kavu na yakijaa hurudi kuwa kisiwa. Hapo hakuna kijiji, twiga na pundamilia hutembea kati ya watu, na barabara kuu ya Nairobi iko karibu. Lakini ni milki ya mtu na hupangwa kwa tiketi, kwa hiyo hakina mengi ya kutufunza juu ya kuvuka kwa jirani mwenye maisha yake.

Liko swali moja ambalo mpangaji wa safari binafsi hawezi kulijibu, nalo ni la gati. Watu wa Kampi ya Samaki na wa Kokwa wanahitaji mahali pa kupakia na kushukia pasipokuwa na tope na vigogo; lakini gati la zege lijengwalo kwa kufuata ukingo wa leo laweza kuzama baada ya miaka mitano, au kubaki katika nchi kavu kama maji yakishuka yalivyoshuka baada ya miaka ya 1960. Busara ingekuwa gati linaloelea, lililofungwa kwa minyororo, lenye kupanda na kushuka pamoja na ziwa, na fundi wa kuliunda hahitaji kuagizwa ng'ambo, kwa kuwa jahazi la twiga lilikwisha kuonyesha yawezekanayo kwa chuma na mapipa matupu. Atakayelilipia ndilo jambo la mjadala: kaunti, ambayo bajeti yake ina madai mengi, wenye mashua, ambao faida yao ni ndogo, au wageni, kwa ada ya kila kichwa. Mimi ningeanza na ada ya wageni, kwa sharti kwamba nusu yake ivuke maji na kufika Kokwa.